Kujinadi kwa Kutafuta Riziki

Tumeulizwa katika darasa letu na kijana mmoja aliyesoma mambo ya bandari: je, yafaa Muislamu kujiandikia sifa zake mwenyewe katika mtandao ili apate kazi, au huko ni kujisifu na riya? Suala hili si dogo, wala jawabu lake si la neno moja.

Zamani hapa Amu mtu hakuwa na haja ya kujieleza. Fundi wa Matondoni jahazi lake ndilo lililomsemea, na mchonga milango alijulikana Mkomani na Langoni kwa kazi ya patasi yake. Hata nyumba zetu za mawe zilikuwa hivyo: ukuta wa nje mtupu, na zidaka na mapambo yote yako ndani, ayaone aliyekaribishwa. Lakini tangu gati ya kwanza ya bandari mpya kufunguliwa, Mei 2021, mwenye kutoa kazi aweza kuwa mtu aketiye Nairobi au Dubai, asiyemjua baba wa kijana wala mwalimu wake. Yeye hutazama LinkedIn, mtandao uliofunguliwa 2003, ambao sasa una watu zaidi ya bilioni moja walioandika humo elimu na kazi zao. Kijana wa Faza au Siyu akinyamaza kwa haya, nafasi yake huchukuliwa na mjuvi asiyejua hata nusu ya ajuayo yeye.

Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Sura ya An-Najm, imetukataza kujitakasa nafsi zetu. Na Qur'ani hiyo hiyo imetusimulia khabari ya Nabii Yusuf, alipomtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akamtajia uaminifu wake na ujuzi wake. Zingatia, ewe msomaji, alichokitaja na alichokiacha. Alitaja mambo mawili ambayo kazi ile iliyahitaji. Hakutaja uzuri wake, wala hakusema kuwa yeye ni mwana wa Yaakub. (Hapa mjini petu, wangapi wangeanza na neno jingine kabla ya nasaba?) Na Imamu Nawawi, katika Al-Adhkar, ameyagawa mafungu mawili mtu kutaja mema yake: la kujifakharisha, nalo lachukiza, na la maslaha ya dini au ya watu, nalo lapendeza.

Basi kuandika ulichosoma na ulipofanya kazi ni bayana, kama mwuzaji aonyeshavyo bidhaa yake. Ila mwuzaji ana sharti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa. Mwenyewe alitoa udhuru wa mvua, lakini alilaumiwa kwa kutoyaweka juu yaliyolowa watu wayaone. Aliyekuwa msaidizi wa ghalani kwa miezi miwili akajiandika msimamizi, naye ameficha majimaji chini ya lundo.

Mwaka 1997 Mmarekani Tom Peters aliandika katika gazeti la Fast Company kwamba kila mtu na awe chapa, kama bidhaa za madukani. Sisi twajua chapa hupigwa magunia. Gunia likishapigwa basi. Lakini mtu aliyejifanya chapa hana budi kuonekana kila siku, na kila siku kuhesabu waliompenda. Huko kwenye kuhesabu ndiko iingiako riya. Wala sisi masheikh tunaorikodiwa darsa zetu tusidhani tumesalimika. Imamu Ghazali aliacha kiti chake Baghdad mwaka 1095, kwa kuwa alipoitazama nia yake ya kusomesha aliiona imechanganyika na kutaka jaha.

Lakini ninalolichelea zaidi ni ushahidi. Katika mtandao huo mtu hubonyeza tu akawa amethibitisha kuwa fulani ni hodari wa hesabu au wa mitambo. Baadhi ya vijana wetu wamefanya mchezo wa nithibitishe nikuthibitishe, na wengine hawajapata kuonana kwa macho. Mbele ya kadhi shahidi huulizwa: umejuaje? Akisema aliombwa akaona haya kukataa, ushahidi wake hautakubaliwa. Na mwajiri akiyategemea hayo akamkabidhi asiyejua winchi ya kupakulia makontena, damu itakayomwagika ina mashahidi wake. Aliyetoa ushahidi wa namna hiyo naaufute leo. Mtandao wenyewe umempa nafasi ya kuuondoa, kwa kidole kile kile alichobonyezea.