Deni Halina Istikhara



Nina Altezza niliyoachiwa na kaka yangu. Likizo iliyopita fundi mmoja wa Jinja alinishauri niifungie supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukuma hewa nyingi ndani, ili petroli zaidi iungue na nguvu iongezeke. Pesa nilikuwa nazo. Nikasema, kwanza nitaswali istikhara.

Usiku ule, nikiwa natawadha, nikakumbuka kwamba nusu ya pesa zile ni za mwenzangu wa hosteli hapa Mbale, aliyenilipia ada muhula uliopita. Niliona haya. Istikhara ni ya jambo la halali ambalo hatujui heri yake iko wapi. Deni lililofika wakati wake haliombewi istikhara, hulipwa. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu.

Na ile nusu nyingine? Fundi mwenyewe alikuwa ameniambia, "Ukiongeza nguvu, ongeza na breki." Nikaifikiria barabara ya Tirinyi, watoto wa shule pembeni na boda boda zisizo na taa. Nikabadilisha pedi za breki, basi. Nafsi nayo ni hivyo hivyo: tunaiongezea matamanio, breki yake ambayo ni taqwa tunaisahau.

Ndugu yangu, ni jambo gani unaloliombea istikhara ilhali jibu lake unalijua?

Mola atuwezeshe kulipa haki za watu kabla hatujaulizwa. Amin.