Imefikaje Nyumbani?

Soma Kutoka 20:15, Walawi 19:13 na 2 Samweli 24:18–25. Mafungu haya yanahusianaje na filamu tunazohifadhi nyumbani?

Familia nyingi zina hazina yao ya filamu. Zamani zilikuwa kanda za video, baadaye DVD. Siku hizi filamu nyingi hukaa kwenye flashi moja inayotosha mfukoni. Mzazi makini anapoongeza filamu mpya huuliza: Ina matusi? Ina uchafu? Inatukuza ushirikina au umwagaji damu? Ni maswali mema, na Zaburi 101:3 inatuhimiza tuyaulize. Lakini liko swali jingine ambalo ni nadra kulisikia: Filamu hii imefikaje nyumbani kwangu?

Mara nyingi jibu linajulikana. Mtu hupeleka flashi kibandani, huchagua majina, kijana wa kibanda humwingizia, naye hulipa fedha kidogo na kuondoka. Kwa kuwa amelipa, dhamiri yake imetulia. Ila aliyelipwa ni yule aliyenakili. Mwandishi wa hadithi, waigizaji na mpiga picha hawajapata hata senti. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kuweka stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Flashi haina stempu. Hapo mnunuzi hubaki na dhamiri yake mbele za Mungu.

Mtu anaweza kujitetea: “Nikiiba ng’ombe, mwenyewe anabaki bila ng’ombe. Nikinakili filamu, mwenyewe bado anayo.” Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini Walawi 19:13 inagusa pia dhuluma ya namna nyingine: kukaa na ujira wa mtu aliyekwisha kufanya kazi. Kibarua aliyelima shamba bado ana jembe lake na mikono yake. Alichonyimwa ni malipo ya jasho lake. Fikiria kwaya ya kanisa iliyochangishana fedha, ikakopa na kurekodi video, kisha kabla ya kumaliza deni nyimbo zake zikawa zinaingizwa kwenye flashi mtaa mzima. Huo tutauita wizi bila kusita. Je, jambo lilelile libadilike jina kwa sababu tu mwenye kazi ni mgeni tusiyemjua?

Wengine watasema kwamba filamu yenyewe ni njema, nayo inawafundisha watoto Biblia. Mtazame Daudi. Alipotaka kujenga madhabahu, Arauna alikuwa tayari kumpa uwanja, ng’ombe na kuni bila malipo. Kusudi lilikuwa takatifu, na zawadi ilikuwa halali. Hata hivyo mfalme alilipa shekeli hamsini za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu sadaka ambayo gharama yake imebebwa na mwingine. Ikiwa Daudi hakuchukua bure hata alichopewa kwa hiari, tutaendeshaje ibada ya familia kwa kitu ambacho mwenyewe hakutupa?

Ni kweli kwamba vipato vya wengi ni vidogo, na nakala halali huwa ghali au haipatikani. Lakini filamu chache zilizopatikana kwa haki, nyingine zikiazimwa kwa ndugu aliyezinunua, hutazamwa pamoja na kujadiliwa. Zikiwa mia tano, nyingi hazifunguliwi kamwe. Mithali 16:8 hutupatia kipimo hicho. Tena, mtoto anayemwona mzazi akiiacha filamu anayoitamani, kwa sababu hakuna njia halali ya kuipata, amejifunza amri ya nane kwa namna asiyoisahau upesi.

Maswali ya Kujadili

1. Soma Luka 19:8. Zakayo alifanya nini kuhusu mali aliyokwisha kuipata? Familia ifanye nini na filamu ambazo tayari zimo kwenye flashi yake?

2. Mshiriki mwenzenu analisha watoto wake kwa kazi ya kibanda cha kunakili filamu. Darasa lenu litamsaidiaje, zaidi ya kumwambia aache?