Kibaba Kimoja, Bei Mbili

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga waliitoa kauli hiyo kumwonya mtu asichanganye nakshi ya chombo na thamani ya kilichomo. Leo onyo lao linamfaa zaidi mtu aliyesimama dukani mbele ya rafu ya vipodozi, hasa akiwa mwanamke. Viwembe viwili vya kunyolea vimetundikwa: chuma kile kile, makali yale yale, mshikio mmoja wa buluu na mwingine wa pinki. Mara nyingi wa pinki ndio ghali, na anayeulipia hujiambia kwamba huenda ni bora. Ubora huo hauoni, lakini bei anaiona.

Haya si maneno ya barazani. Mwezi Desemba 2015, idara ya jiji la New York inayolinda haki za walaji ilitoa ripoti baada ya kulinganisha bidhaa karibu 800 zinazouzwa kwa sura mbili, ya kike na ya kiume. Kwa wastani za kike zilikuwa ghali kwa asilimia 7. Kwenye vitu vya kuogea, kunyolea na kujipaka, pengo lilifika asilimia 13, na kwenye shampuu na mafuta ya kulainisha nywele likaruka hadi asilimia 48. Katika kila ulinganisho 100, bidhaa ya mwanamke ilikuwa ghali mara 42 na ya mwanamume mara 18. Hata watoto hawakusalimika: skuta nyekundu ya kusukuma kwa mguu iliuzwa dola 24.99, na ile ya pinki, ya aina ile ile, dola 49.99. Msichana anaanza kutozwa kabla hajajua kusoma tarakimu za bei.

Wamarekani wamelipa jambo hili jina la kodi ya pinki. Ni kodi isiyoingia hazina ya serikali yoyote, isiyojenga barabara wala zahanati. Inaishia mfukoni mwa anayeuza.

Hata hivyo haki haina upande mmoja, na wazee hawakukata shauri kabla ya kumsikia mshitakiwa. Mfanyabiashara atasema kwamba losheni ya wanawake ina manukato mengi zaidi, chupa yake ina gharama, matangazo yake yana gharama, na mafuta yaliyotiwa humo si yale yanayotiwa kwenye ya wanaume. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na muundaji anastahili ujira wake. Mwaka 2018, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliyapima makundi 10 ya bidhaa za kutunza mwili. Katika nusu ya makundi hayo ikakuta za wanawake zina bei ya juu zaidi, lakini haikuweza kuthibitisha kwamba jinsia ya mnunuzi ndiyo sababu. Basi tusiseme kila tofauti ya bei ni wizi. Tuulize swali moja tu: kilichoongezwa ndani ya chupa ni nini? Kama ni mafuta bora, mwenye kuyataka ayalipie. Kama ni rangi ya kifuniko na picha ya ua, mnunuzi amelipia mkakasi.

Ujanja wenyewe hauhitaji uchawi. Kwanza vitu hutenganishwa, vya wanaume rafu hii na vya wanawake rafu ile, ili jicho lisivione pamoja likalinganisha. Kisha ujazo hupunguzwa kidogo: chupa inakuwa ndefu na nyembamba, bei inabaki karibu na ya mwenzake, mililita zinapungua. Baada ya hapo linakuja tangazo, ambalo kazi yake ni kumwambia mtu kwamba ana kasoro ambayo jana hakuijua. Mwaka 1915 kampuni ya Gillette ilitoa wembe wake wa kwanza kwa ajili ya wanawake. Ili wembe huo upate wateja, mwanamke wa Marekani alipaswa kwanza kuambiwa kwamba nywele za kwapa ni aibu. Aibu ikapandwa, na soko likavuna. Mpaka leo vipodozi vingi vinauzwa kwa njia hiyo: unaonyeshwa jeraha, halafu unauziwa dawa yake.

Pwani ya zamani haikukosa urembo. Liwa ilisagwa juu ya msio, bibi harusi akasingwa mpaka ngozi ikang'aa, nguo zikafukizwa udi, kikuba cha asumini na mrehani kikavaliwa. Mwanamume naye alijifukiza udi ule ule na kujipaka mafuta ya nazi yale yale, na alipokwenda Ijumaa au harusini alijinyunyizia marashi yale yale. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na kibaba hakikuuliza nani amebeba kikapu.

Nisieleweke kwamba wahenga walikuwa malaika. Wasingetuachia methali nyingi hivi za kudanganywa kama hapakuwa na wadanganyifu. Walipunjana na kughushi mizani kama sisi. Lakini walijua kwamba upunjaji ni dhambi, wala hawakuupa jina la ubunifu wa kibiashara. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wanaopunja vipimo. Kitabu cha Mithali katika Biblia nacho kinailaani mizani ya hila. Muislamu na Mkristo wanaweza kubishana juu ya mengi, ila juu ya kipimo wanakubaliana: mizani ni amana.

Kuna methali nyingine inayofaa kusikilizwa upya. Mke ni nguo, mgomba kupalilia. Wengi huitumia kumhimiza mwanamke ajipambe, wakaishia hapo. Lakini mgomba haujipalilii. Methali hii inasema na mwenye shamba: ukitaka ndizi, shika jembe. Wahenga waliposema mke ni nguo, mzigo wa kuinunua nguo hiyo waliuweka kwa yule anayependa kumwona ameivaa. Sisi tumebaki na nusu ya methali. Dai tumelishika, gharama tumeitupa.

Tazama kazini. Msichana wa mapokezi hotelini, mtangazaji wa habari, mhudumu wa ndege, karani wa benki anayekaa dirishani: wote wanatarajiwa wafike nywele zimetengenezwa, ngozi imelainishwa, kucha safi, harufu nzuri. Mwenzao wa kiume akinawa kwa sabuni ya kipande na kuvaa shati lililopigwa pasi, ataitwa mtanashati. Hakuna mwajiri anayeandika kwenye hati ya mshahara posho ya losheni na saluni. Na kwa kuwa katika nchi nyingi wanawake kwa wastani wanalipwa kidogo kuliko wanaume, mfuko mdogo ndio unaotakiwa kulipa bei kubwa. Muuzaji analijua hilo. Bei hupanda pale mnunuzi anapoogopa kukosa, na mwanamke amefundishwa tangu utotoni kuogopa kuonekana hakujitunza.

Serikali nazo zimejaribu dawa. California ilipiga marufuku mwaka 1995 kumtoza mwanamke bei tofauti kwa huduma ile ile, kama ya kinyozi au ya dobi, na tangu Januari 2023 marufuku hiyo inahusu pia bidhaa zinazofanana. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020. Kwetu Afrika Mashariki mjadala umeelekea zaidi kwenye taulo za kike, kitu ambacho si pambo wala anasa, na ambacho mwanamume hana cha kufanana nacho. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2004, ikatangulia nchi nyingi tajiri. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2018, kodi yenyewe ikiwa asilimia 18. Mwaka mmoja haujapita sawasawa, mwezi Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akapendekeza bungeni msamaha ufutwe kwa sababu wafanyabiashara hawakushusha bei. Kodi ikarudi.

Kisa hicho kina somo zito. Serikali ilitoa nafuu, nafuu ikakwama njiani, na ilipogundulika kwamba imekwama, kilichofutwa ni nafuu yenyewe. Mkosaji alikuwa muuzaji, adhabu ikamwangukia mwanafunzi wa kike. Kuondoa kodi bila kufuatilia bei ya rejareja ni kumwachia fisi bucha. Anayetaka kumsaidia mnunuzi lazima amfuate mpaka dukani, aione bei kabla na baada, na amuulize mwenye duka tofauti imekwenda wapi.

Lakini sheria huchelewa, na mfuko unavuja leo. Bandu bandu huisha gogo: mia tano kwenye sabuni, elfu moja kwenye losheni, mia tatu kwenye viwembe, kila mwezi, miaka arobaini. Kwa hiyo, binti yangu, soma ujazo kabla hujasoma jina. Chupa ya shilingi 6,000 yenye mililita 200 inakugharimu shilingi 30 kwa mililita, na ile ya shilingi 5,000 yenye mililita 150 inakugharimu zaidi ya 33. Inayoonekana rahisi ndiyo ghali. Geuza kopo usome viambato vyake, kisha uvuke rafu ukasome vya upande wa pili. Vikilingana, chukua cha bei nafuu bila kujali picha ya ndevu iliyochorwa juu yake. Kiwembe hakijui ndevu wala mguu.

Nawe mwenye duka, mali ya kupunja haina baraka, na mteja aliyegundua kwamba ulimtoza kwa sababu ya jinsia yake hatarudi, wala dada zake. Viweke vitu vinavyofanana rafu moja na uandike bei kwa ujazo, watu waone. Chema chajiuza.

Na wewe baba, kaka, mume, mwajiri: usicheke mwanamke anapolalamikia bei ya losheni huku ukitaka aende mbele za watu aking'aa. Ukipenda ndizi, shika jembe. Changia gharama, au punguza madai.

Kujipamba si kosa, na kumuuzia mtu kipambo kwa faida si kosa. Kosa ni kuwa na kibaba kimoja na bei mbili, ukamtazama mnunuzi usoni kabla ya kutaja mojawapo. Bei ifuate kitu, isimfuate mnunuzi. Anayekwenda kinyume na hapo ni mpunjaji, hata kama kipimo chake amekipaka rangi ya kupendeza.