Bwana Aliyeshika Bakuli

Mwezi huu twatazama Injili ya Yohana, sura ya 13, habari ya Bwana wetu alipowaosha wanafunzi wake miguu. Sote twaijua, lakini limo neno ambalo mara nyingi twalipita upesi. Kabla ya kutuonyesha bakuli na maji, Yohana atuambia kwanza Yesu alijua nini moyoni mwake: ya kuwa Baba amemkabidhi vitu vyote, na ya kuwa kwa Mungu alitoka na kwa Mungu arudi. Ndipo alipoinama.

Basi unyenyekevu haukutoka katika kujidharau. Aliinama kwa kuwa aliijua heshima yake, nayo ilikuwa salama mikononi mwa Baba. Mtu asiye na hakika ya heshima yake ndiye akilindaye kiti chake kwa ukali, wala hawezi kuonywa na mdogo.

Watu wa Nyanungu, katika wilaya ya Tarime, watalielewa neno hili vema. Mchunga ng'ombe arudipo jioni, miguu yake imejaa vumbi la njia na matope ya zizi. Na huko, kama katika nchi zetu nyingi, mdogo ndiye amnawishaye mkubwa. Mkubwa akipiga magoti mbele ya miguu ya mdogo, wote watashangaa. Ndivyo alivyoshangaa Petro, hata akakataa. Naye akafundishwa ya kuwa asiyekubali kuhudumiwa na Bwana hana sehemu pamoja naye.

Magharibi ya huko, karibu na Ziwa, iko Shirati. Hapo ndugu zetu Wamenoniti walianza kazi mwaka 1934, nao wana desturi ya kuoshana miguu kanisani. Mwaka 1942 uamsho ulipofika Shirati, wamisioni na Wakristo wa nchi waliungamiana dhambi zao. Na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Sisi Walutheri hatuna desturi ile ya bakuli. Lakini amri ya Bwana tunayo sawasawa na wao. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha ya kuwa kwa imani Mkristo hana bwana juu yake, na kwa upendo yeye ni mtumishi wa watu wote.

Tena tukumbuke: Yuda alikuwa bado mezani. Bwana alijua atakalolitenda, wala hakuiruka miguu yake. Katika nchi ya Tarime koo zimepigana mara nyingi kwa ajili ya mipaka na mifugo, na damu imemwagika. Je! mzee wa kanisa atakwenda kwenye matanga ya ukoo ule mwingine? Je! mwinjilisti atamwombea mgonjwa ambaye ndugu zake walichukua ng'ombe wa baba yake? Hapo ndipo bakuli la Bwana lilipo. Kumwosha rafiki miguu si kazi ngumu.

Kwa hiyo, waalimu, wainjilisti na wazee, tujipime. Nani hufagia kanisa kabla ya ibada? Mjane akisema barazani, twamsikiliza mpaka mwisho, au twamkatiza? Kijana akituonya kwa haki, twashukuru, au twakasirika? Kazi tuliyopewa si mali yetu. Ni ya Kristo, naye atatuuliza habari zake.

Tusiogope kuinama, ndugu. Katika ubatizo tumepewa jina ambalo hakuna awezaye kutunyang'anya. Mwenye jina hilo apiga magoti mbele ya mdogo, naye hapungukiwi na kitu. Bwana aliyetuosha atupe moyo wake, na amani yake ikae katika nyumba zenu. Amin.