Leso Kuukuu na Haki ya Kuisoma

Mhakiki akiipata leso ya zamani, aghalabu huitazama kama matini. Huchunguza pindo na mji, husoma jina, kisha huihusisha na kipindi chake. Jina likiwa katika hati za Kiarabu, hukisia kwamba ni ya kale kuliko zile za hati za Kirumi. Akiona chapa ya "Mali ya Abdulla", hutambua duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Hadi hapo hapana la kumlaumu. Swali la kimaadili huzuka anapodai kwamba ameifahamu kauli iliyomo.

Maneno yale yale hupigwa chapa katika maelfu ya doti. Huwa kauli pale tu mwanamke mmoja anapoyachagua, akajifunga leso yake, akapita mbele ya wifi, mke mwenza au jirani aliyekusudiwa. Naye akiulizwa, aweza kukana: amevaa nguo tu. Uwezo huo wa kukana ndio kinga yake, na yamkini ndio kiini cha fani yenyewe. Mnunuzi anayetangaza leo kwamba marehemu fulani alimsema fulani humvua kinga ambayo hawezi tena kuidai.

Kuna jambo jingine, nalo wakusanyaji hawalipendi. Leso inayovaliwa sana haidumu. Ikichakaa huwa ya jikoni au ya kumbebea mtoto, na hatimaye huchanwa ikawa winda au tambara. Inayosalimika ndani ya kasha, rangi zikiwa bado kali, ni ile iliyovaliwa kwa nadra au isiyovaliwa kabisa. Na mkusanyaji huithamini kupita zote doti ambayo haijakatwa wala kupindwa. Doti ya namna hiyo haikumsema mtu. Kwa hiyo anayejenga nadharia ya usemi wa wanawake wa Pwani juu ya leso zilizohifadhiwa vizuri, ziwe za makasha ya familia au za makumbusho kama British Museum ya London, hana budi kukumbuka kwamba zilizosema kwa ukali zaidi huenda ziliishia jalalani.

Itajibiwa kwamba kutozisoma ni kuzipoteza mara ya pili. Hoja hii ina uzito, ila haimruhusu msomaji kujaza pengo kwa ubunifu wake. Doti isiyokatwa huenda ilikuwa zawadi iliyosubiri siku yake. Huenda pia mwenyewe aliinunua kwa hasira, akalisoma jina lake usiku, akaikunja. Ikiwa ni hivyo, kule kuikunja ndiko kulikokuwa uamuzi wake, na anayeitundika ukutani pamoja na maelezo ya ugomvi analisema neno ambalo mwenyewe alilizuia.

Kadi za kumbukumbu hurekodi jina, rangi na vipimo. Zingeweza pia kurekodi kama doti ilikatwa, nani aliitunza, na kama jamaa aliyeiuza aliulizwa lolote.