Nani Ashikaye Kura?

Kupiga kura ni desturi ya kale kuliko vitabu. Hatusemi juu ya kura ya uchaguzi, bali ile ya bahati: vijiti virefu na vifupi, vikaratasi ndani ya kofia, sarafu irushwayo juu. Watu wawili wenye haki sawa juu ya kitu kisichogawanyika huiachia kura iamue, kisha huondoka bila kinyongo. Kwa nini bila kinyongo? Kwa sababu wote wameona kwamba hapana mkono wa mtu ulioongoza matokeo. Hiyo ndiyo heshima yote ya kura.

Siku hizi kura imehamia ndani ya simu. Kijana wa Mwanhuzi akiisha kulipwa fedha ya pamba aweza kuicheza yote kabla hajafika nyumbani. Baadhi ya michezo hiyo huendeshwa juu ya blokucheni, yaani daftari la hesabu ambalo nakala zake zatunzwa na kompyuta nyingi ulimwenguni, wala hapana mtu mmoja awezaye kulifuta peke yake. Mchezaji huambiwa kwamba humo hamna udanganyifu, maana yote yameandikwa waziwazi. Neno hili lataka kupimwa.

Kompyuta ni mtumishi mtiifu. Hufanya lile iliyoamriwa, wala haijui kubahatisha. Nambari iitwayo ya bahati hutoka ama katika hesabu iliyotungwa na mtu, ama katika mambo ya asili yaliyopimwa kwa chombo, kama vile mitikisiko midogo ya umeme. Katika blokucheni taabu huzidi: kompyuta zote hazina budi kufikia jibu lile lile, na kinachoonwa na wote si siri tena. Wako waliotumia kama kura ule muhuri wa hesabu uwekwao katika kila ukurasa wa daftari. Lakini mwenye zamu ya kuandika ukurasa huuona muhuri wake kabla ya wengine. Ukiwa wa kumtia hasara, aweza kuuacha ukurasa huo usitangazwe. Hapo kura imo mkononi mwa mmoja wa wachezaji, ingawa daftari li wazi mbele ya wote.

Tusidhani kwamba hii ni hofu tupu. Huko Marekani, Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa shirika lililoendesha bahati nasibu za majimbo mengi. Yeye mwenyewe aliandika programu ya kutoa nambari, akaficha ndani yake maagizo machache yaliyomwezesha kujua, katika siku fulani za mwaka, nambari zipi zingeweza kutoka. Tikiti iliyonunuliwa Iowa mwezi wa Desemba 2010 ilishinda mamilioni ya dola. Mwaka 2015 alitiwa hatiani, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25. Mtu aliyewekwa kuilinda kura ndiye aliyeishika.

Dawa ipo, nayo haikuanza jana. Mwaka 1981 Manuel Blum, mtaalamu wa hesabu za kompyuta, aliuliza swali jepesi: watu wawili waliotengana, wasioaminiana, wawezaje kupiga kura kwa simu ili kujua nani atwae gari? Akirusha mmoja sarafu, mwenzake hataiona. Jibu ni hili: wa kwanza afunge siri yake kama katika bahasha ya hesabu isiyoweza kubadilishwa, wa pili abashiri, ndipo bahasha ifunguliwe mbele ya wote wawili. Katika michezo ya blokucheni wengi hufanya vivyo hivyo. Kila mmoja huweka bahasha yake, kisha zote hufunguliwa na siri zote huchanganywa pamoja. Hata hapo yule wa mwisho kufungua, akiisha kuona za wenzake, aweza kukataa. Kwa hiyo hutakiwa kuweka rehani, naye akikataa huipoteza.

Wakulima wa Usukuma hawatashangazwa na fikira hii. Kabla ya ushirika wa pamba, wengi walinung'unika kwamba wanunuzi waliwapunja penye mizani. Manung'uniko hayo yalikuwa chanzo kimoja cha vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika kanda ya Ziwa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wazee hawakuombwa wamwamini mnunuzi kwa kuwa ana sura njema. Walitaka mizani ionekane. Nasi tuuliize kila mchezo wa simu maswali matatu. Je, yuko awezaye kuijua nambari mapema? Je, yuko awezaye kuigeuza au kuizuia? Je, mchezaji wa kawaida aweza kuihakiki baadaye? Palipo na jibu baya kwa moja la hayo, hapana kura, pana wizi uliovikwa nguo ya kura.

Walakini, mizani ya haki haituambii nini kifaacho kuwekwa juu yake. Hapa jirani zetu Wahadzabe, waishio pande za Ziwa Eyasi hata ndani ya Wilaya ya Meatu, wana la kutufundisha. Wanaume wao huwa na mchezo wa kurusha visahani vya mti kwenye shina, na namna vinavyoanguka huamua mshindi. Kura hiyo yaonekana kwa macho ya wote waliopo. James Woodburn, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, ameandika kwamba mishale ya chuma, visu na shanga huchezewa na kuzunguka kutoka mtu hadi mtu. Lakini upinde wa mtu hauwekwi dau. Aliyeshindwa aondoka maskini wa shanga, ila kesho aweza kuwinda.

Nasi upinde wetu ni upi? Ni ada ya shule, mbegu ya msimu ujao, chakula cha watoto. Katekisimu ya mwaka 1992 haiiti michezo ya bahati kuwa dhambi kwa yenyewe. Yaikataa pale imnyang'anyapo mtu mahitaji yake na ya wale wamtegemeao. Na tukumbuke hesabu hii: mchezo wenye nambari safi kabisa, uliopangwa kurudisha shilingi 97 kwa kila 100, bado hula. Atakayeweka shilingi 1,000 mara mia atakuwa ameweka 100,000, na kwa wastani 3,000 hubaki kwa mwenye mchezo. Hakudanganywa, amelipa bei aliyokubali. Akiendelea mwaka mzima, bei hiyo hulipwa na nyumba yake.

Basi wazazi wasiridhike kumwuliza kijana kama mchezo wake ni wa haki. Yamkini ni wa haki. Wamwulize pia ameweka nini, na ni nani atakayelala njaa akishindwa.