Adabu za Kumpokea Anayetoka Hospitali ya Akili

Mgonjwa anayeruhusiwa baada ya miaka mingi wodini hurudi kwenye nyumba iliyokwisha kujipanga bila yeye. Chumba chake kimepangishwa, shamba linalimwa na mwingine, mtoto aliyemwacha akinyonya ameota ndevu. Pengine mama yake amefariki na hakuna aliyekwenda kumwambia, kwa kisingizio kwamba habari ingemzidishia ugonjwa. Kwa hiyo adabu ya kumpokea huanza kabla hajafika. Ni vyema aambiwe mambo ya nyumbani yalivyo na mtu anayemwamini, angali hospitalini, wauguzi wakiwa karibu. Akifika, apelekwe kaburini. Kumficha mtu msiba wake si huruma, ni kumtoa katika ukoo.

Linalofuata ni ulimi, na hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1972, mtafiti George Brown na wenzake wa London walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 101 wa skizofrenia waliorudi kwa jamaa zao. Katika miezi tisa, asilimia 58 ya waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, uhasama au kuhangaikiwa kupita kiasi waliugua tena. Kwenye nyumba tulivu walikuwa asilimia 16 tu. Tafiti za nchi nyingine baadaye zilionyesha mwelekeo uleule. Hapo ikumbukwe kwamba kuhangaikiwa nako kumo: mama anayemkatia mwanawe mtu mzima nyama sahanini na kumjibia salamu za wageni hamsaidii, ingawa anampenda.

Lawama inayorudiwa zaidi ni ya uvivu. Mtu amelala hadi saa nne asubuhi, anakokota miguu, haanzi jambo mpaka aambiwe. Mara nyingi huo ni ugonjwa wenyewe, au ni dawa: haloperidoli yaweza kumkakamaza mtu na kumtetemesha mikono, na klopromazini humtia usingizi. Tatizo hilo hupelekwa kliniki, halisemwi barazani.

Majirani nao wana sehemu yao. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, imegeuzwa tusi Tanzania, na Mathari ya Nairobi vilevile kwa Wakenya. Anayetania kwa majina hayo hajui nani anamsikia. Lililo baya zaidi ni mtu wa makamo kunyimwa shikamoo na vijana kwa sababu aliwahi kuugua. Salamu hiyo irudishwe siku ya kwanza, na watoto waisikie kwa wakubwa wao. Michango ya harusi ikipitishwa, naye aulizwe, hata kama atatoa sarafu. Swali la “umepona kweli?” halina jibu jema, heri kumwuliza habari za safari.

Kazi humrudisha mtu kwenye hesabu ya watu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, kilimo na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu. Nyumbani, hata hivyo, kuna hatari ya kumfanya mgonjwa mchota maji na mlinzi wa usiku wa ukoo mzima, bila ujira, eti anafanya mazoezi. Afanyaye kazi alipwe, na fedha aishike mwenyewe.

Dawa zitolewe kwa wazi, lakini si mbele ya wageni. Kumchanganyia kwenye uji bila yeye kujua huua imani, na akigundua hatakula tena cha nyumba ile. Dua na maombi havigombani na vidonge, ila minyororo haiponyi mtu.

Mwisho ni dalili za kurudi kwa ugonjwa: kukosa usingizi siku kadhaa, kujitenga, kushuku chakula. Familia yenye busara hukubaliana naye akiwa mzima nani atamsindikiza kliniki dalili hizo zikionekana, na mtu huyo huchaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Kadi ya kliniki ikae pamoja na hati za nyumba, na tarehe ya sindano ya dawa, kama anachomwa, ijulikane na watu wawili wengine, kwani mmoja anaweza kusafiri.